Mwili Mkubwa, Damu Pungufu

Watu wakimwona mtu mwenye mwili kama wangu huwa wameshamaliza hesabu kabla ya salamu. Huyu anakula sana, anakula vinono, kwake hakuna shida. Kwa miaka mingi kila nilichougua kilipewa jibu hilo hilo. Nikisikia kizunguzungu, punguza mwili. Miguu ikiuma, punguza mwili. Nywele zikibaki kwenye kitana, punguza mwili. Nililisikia sokoni, nikalisikia msibani, nikalisikia na kwa daktari. Wote waliniuliza ninakula kiasi gani. Hakuna aliyeniuliza ninakula nini, na ugonjwa wangu ulikuwa umelala hapo.

Mimi ni fundi cherehani, Makorora, Tanga mjini. Nashona madera, magauni ya shughuli na sare za shule. Kazi yangu ni ya kukaa, na msimu wa shule kufunguliwa nakaa tangu asubuhi hadi usiku. Nina urefu wa sentimita 162, na uzito wangu ulipofika juu kabisa ulikuwa kilo 128. Ukichukua kilo hizo ukazigawa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, unapata karibu 49. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, kuanzia 30 mtu ana kiribatumbo, yaani unene uliopitiliza, na kuanzia 40 yuko daraja la tatu, la juu kabisa. Naandika namba zangu waziwazi kwa sababu wenye miili kama yangu tumezoea kuzificha, na tukizificha hatupati msaada unaotufaa.

Uchovu wenyewe haukuwa wa kawaida. Nikishuka daladala nikatembea hadi kibandani kwangu, moyo unadunda mpaka nausikia masikioni. Halafu nilikuwa natafuna barafu. Maji ya baridi hayakunitosha, nilitaka barafu yenyewe, niivunje kwa meno, kutwa nzima, nikiwa nimekaa kwenye cherehani. Wateja walisema ni joto la Tanga, nami nikaamini ni joto. Baadaye nilielezwa kwamba hamu ya kutafuna barafu, au kula udongo au mchele mbichi, huweza kuwa dalili ya mwili kupungukiwa madini ya chuma. Kama unasoma habari hii na kwenye friji yako barafu haikai, nenda kapime damu.

Nilipokwenda kupima, kijana wa maabara alitoka mwenyewe kuja kuuliza jina langu mara ya pili. Alidhani vichupa vimebadilishana. Damu yangu ilikuwa 8.6, na mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na 12 au zaidi. Yule kijana hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa na picha kichwani ya mtu mwenye upungufu wa damu, na picha hiyo haikufanana na mimi. Daktari akauliza habari za hedhi, akaagiza kipimo cha minyoo, akaniandikia vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi, kisha akanituma kwa afisa lishe. Hapo ndipo mambo yangu yalipoanza kubadilika.

Afisa lishe alikuwa binti mdogo, rika la mwanangu wa kwanza. "Shikamoo mama," akasema, akanisogezea kiti cha mbao kisicho na mikono. Wenye miili kama yangu wanajua maana ya kiti kisicho na mikono. Nikamwitikia marahaba mwanangu, nikakaa, nikasubiri aanze kunihubiria. Hakuhubiri. Alichukua karatasi, akapiga mistari kwa rula, akapata vyumba kadhaa: nafaka na mizizi, kunde na karanga, samaki na nyama na mayai na maziwa, mboga za majani, matunda, mafuta, sukari.

"Mama, niambie ulichokula jana, tangu ulipofumbua macho mpaka ulipolala. Usiniambie cha siku zote. Niambie cha jana tu."

Nikamwambia. Asubuhi chai ya rangi vikombe viwili, kila kimoja sukari vijiko vitatu, na maandazi manne. Mchana sikula, nilikuwa na sare za watu, nikanywa soda. Alasiri kachori na kachumbari kidogo, na juisi ya ukwaju, kwa mama wa jirani. Usiku wali wa nazi na mchuzi wa samaki, kisha chai tena na kipande cha mkate. Kila nilipotaja kitu alitia nukta kwenye chumba chake. Kisha akauliza:

"Samaki ulikula kipande gani?"

Nikanyamaza kidogo. "Nilikula mchuzi."

"Samaki mwenyewe alikula nani?"

"Baba watoto. Na watoto."

Hakusema neno. Alinigeuzia ile karatasi niione. Chumba cha nafaka kilijaa nukta, cha sukari kilijaa, cha mafuta kilijaa. Cha kunde kilikuwa kitupu. Cha samaki na nyama kilikuwa kitupu. Cha matunda kitupu. Cha mboga kilikuwa na nukta moja ya kachumbari, nayo aliitia kwa kunihurumia. Mimi ndiye niliyekuwa na mwili mkubwa kuliko wote nyumbani kwangu, na mimi ndiye niliyekuwa nakosa samaki.

Naomba niseme kwa kirefu kuhusu hilo la samaki, maana naliona katika nyumba nyingi za huku kwetu na sisikii likisemwa. Mama wa nyumba ndiye anayepika, ndiye anayepakua, na anapakua kwa mpangilio aliourithi. Kipande cha katikati ni cha baba. Vinavyofuata ni vya watoto wa kiume, kisha wa kike. Mgeni akitokea, anapewa cha mama. Mama anabaki na kichwa, mkia, mchuzi na wali uliobaki, na wali huwa haukosekani. Tumbo linajaa. Nguvu za kuchomwa mwilini zinazidi na kugeuka mafuta, lakini protini, madini ya chuma, zinki na vitamini B12 havimfikii. Fanya hivyo tangu unaolewa hadi unapata wajukuu, ukiongeza mimba na kunyonyesha, na utampata mwanamke mnene mwenye upungufu wa damu. Hakuna aliyemnyima. Amejinyima kwa upendo, na watu wanamwangalia mwili wanasema huyu ndiye anayemaliza chakula.

Yule binti alinieleza jambo jingine lililonigusa zaidi. Mafuta yanapozidi sana mwilini hayakai kimya. Yanatoa kemikali zinazouweka mwili katika hali ya uvimbe wa chini kwa chini, usiouma na usioonekana, lakini upo kila siku. Uvimbe huo unalifanya ini litoe kwa wingi homoni inayoitwa hepsidini, na hepsidini ikipanda, utumbo hupokea madini ya chuma kwa shida, hata yakiwepo kwenye chakula. Kwa hiyo mtu mwenye unene mkubwa anaumia mara mbili: anakula vyakula vyenye chuma kidogo, na hicho kidogo mwili wake unakipokea kwa tabu. Vitamini D nayo husambaa na kufichama katika mafuta ya mwili, kwa hiyo kwenye damu inakuwa ndogo. Nami naondoka nyumbani nimejisitiri, nashinda kibandani chini ya bati, jua la Tanga naliona mlangoni.

Kuna siku nimekaa nikawaza ni watu wangapi wanaambiwa "una mwili wa afya" na ndani hawana kitu. Mwaka 2022, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, mtu 1 kati ya 8 duniani alikuwa anaishi na kiribatumbo. Sisi tumekaa tukidhani unene ni ushahidi wa kushiba.

Mabadiliko ya kwanza hayakuwa ya kupunguza chochote. Binti alianza na chai. Chai ya rangi ina vitu vinavyoshikana na madini ya chuma tumboni na kuyazuia yasiingie kwenye damu, na mimi nilikuwa nakunywa chai pamoja na kila kitu. Unga wa ngano wa viwandani hapa nchini huongezwa madini ya chuma na foliki asidi, imeandikwa kwenye mfuko, kwa hiyo hata yale maandazi yalikuwa na kitu kidogo cha kunipa. Nilikuwa nakizuia kwa kikombe kilichokuwa pembeni. Akasema chai isiondoke, lakini ikae mbali na mlo, saa moja au zaidi. Na mahali pa chai mezani pawekwe chungwa.

Chungwa kwa mtu wa Tanga si kitu cha kutafuta. Muheza iko hapo, na msimu ukifika machungwa yanamwagwa barabarani kwa magunia. Nilikuwa nayapita. Vitamini C iliyo kwenye chungwa husaidia madini ya chuma ya kwenye mboga na maharage yapokelewe vizuri zaidi. Kwa hiyo sasa nikila kisamvu au majani ya kunde, chungwa liko pembeni, au nakamulia ndimu juu ya mboga. Vidonge vya hospitali pia navimeza kwa maji ya chungwa, kamwe si kwa chai. Na nisidanganye: kwa damu ya 8.6 chakula peke yake kisingetosha. Vidonge vilifanya kazi kubwa. Choo kilikuwa cheusi, tumbo lilifunga, na mtu asiyeambiwa mapema huogopa akaviacha. Mimi niliambiwa, nikavimaliza.

Baada ya chai tukaja kwenye samaki. Hapa palihitaji mazungumzo nyumbani, na nilihofia. Nilimwambia baba watoto usiku, baada ya chakula, nikamwonyesha karatasi ya damu na ile ya nukta. Aliisoma ile ya nukta kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mama, hukuwahi kuniambia huli samaki." Ilikuwa kweli. Kesho yake alileta vibua, akamwambia binti yetu mbele yangu, "Mama yako apakuliwe kwanza." Tangu hapo mwanangu ananiwekea kibua kizima kwenye sahani yangu kabla sufuria haijafika kwa mtu mwingine. Siku za kwanza nilikuwa nakula nimeinamisha macho.

Vibua navisema makusudi. Watu wakisikia lishe bora wanafikiria nguru, jodari, kuku wa kienyeji, vitu vya bei. Kibua ni samaki wa mafuta, ana protini, ana vitamini D na B12, na mafuta yake ni yale yanayofaa moyo. Dagaa wakavu ukiwala na mifupa yao unapata na kalsiamu. Ukikosa samaki kuna choroko, kunde, mbaazi, maharage. Mbaazi za nazi tulikuwa tunazila kwa mandazi kama kitoweo cha kuonja. Sasa bakuli la mbaazi ndilo mlo na andazi ni moja, na katika ile nazi situmii tui zito lote, tui la pili ndilo linalopikia na kasimile naitia kijiko kimoja tu mwisho kwa ajili ya harufu. Mtu wa pwani akikuambia ameacha nazi kabisa anakudanganya, au atarudi kwa pupa. Nazi imebaki kwangu. Mikono iliyoizoea ndiyo niliyoifundisha upya.

Mafuta ya kupikia ndiyo niliyapima kwa kijiko. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, gramu ya wanga au protini ina 4. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ni kama kalori 120. Nilikuwa namimina kutoka kwenye dumu, kwa jicho, na jicho la mpishi wa Kiswahili lina ukarimu. Vibua vya kuchoma kwenye jiko la mkaa, vilivyopakwa ndimu, chumvi kidogo na pilipili, havihitaji hata tone.

Mboga ndiyo utajiri tunaoukanyaga. Makabichi na karoti zinashuka kutoka Lushoto, lakini si hizo tu. Kuna mchicha, matembele, mnavu, mlenda, majani ya kunde, na mchunga ule mchungu ambao bibi zetu waliupika na sisi tukauacha tukidhani ni mboga ya shida. Kisamvu kinatwangwa na kuchemshwa sana, wala usikifanyie haraka, maana majani ya muhogo mabichi yana sumu inayotakiwa kutoka. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni gramu 400 za matunda na mboga kwa siku kwa uchache. Kwa jicho la jikoni, nusu ya sahani iwe mboga, na wali au ugali usizidi robo. Ugali wenyewe nimehamia dona. Sembe nyeupe imeondolewa ganda na kiini, na huko ndiko kwenye nyuzinyuzi na sehemu kubwa ya vitamini B. Watoto walilalamika juma la kwanza. Sasa hawasemi.

Sukari sitaikalia sana, kila mtu anaijua. Niseme tu kwamba chupa ya soda ya mililita 350 inabeba karibu gramu 37 za sukari, kama vijiko vidogo tisa, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ajitahidi asizidi karibu gramu 25 kwa siku. Chupa moja imeshavuka. Juisi ya ukwaju ya mtaani haiko mbali na hapo.

Ramadhani ndiyo iliyonipa shida kubwa. Sisi tunafuturu kwa wanga juu ya wanga: uji, viazi vitamu, magimbi, muhogo wa nazi, tambi za sukari, kaimati. Mtu amefunga kutwa, mwili unadai, na mezani kilichojaa ni aina moja ya chakula katika sura sita. Tulichofanya nyumbani ni hiki: tende na maji, kisha uji usio na sukari nyingi, swala ya magharibi, halafu tunarudi kwenye samaki, kunde, mboga na kipande kimoja cha muhogo au gimbi, siyo vyote. Daku sikuiacha tena. Zamani nilikuwa nailala, nikiona ni nafuu ya kupungua, na kwa mwenye uzito kama wangu ilikuwa inanirudia magharibi kwa njaa isiyo na adabu. Yai la kuchemsha, maharage na dona kidogo vinanifikisha alasiri nikiwa na akili yangu.

Hili la kujinyima linanileta kwenye jambo linaloniudhi kweli. Hakuna mtu mnene Tanga ambaye hajauziwa dawa ya kupungua. Majani ya chai ya kusafisha tumbo, maji ya ndimu na tango siku tatu, vidonge visivyo na maandishi. Nina mteja niliyemshonea miaka mingi, vipimo vyake viko kwenye daftari langu. Alifuata mojawapo ya hayo kwa bidii. Aliporudi nimpunguzie nguo alikuwa amepungua kweli kweli, watu wanamsifu njiani. Nilimpima kwa futi. Kiuno kilikuwa kimepungua kidogo. Mikono na mapaja vilikuwa vimeyeyuka, ngozi inaning'inia, na aliposimama kutoka kwenye kiti alishika meza. Alichopoteza kwa wingi kilikuwa misuli. Mwili usipopata protini huku chakula kimekatwa ghafla, hujila wenyewe nyama. Halafu homoni za njaa hupanda, zile za kushiba hushuka, na mwili hupunguza matumizi ya nguvu. Ndiyo maana kilo hurudi, na zikirudi huja zaidi kama mafuta, misuli hairudi yote. Yeye zilimrudia zote. Watu wakasema hana msimamo. Naandika kwa uchungu: hakuna udhaifu wa tabia hapo, ni mwili uliofanya kazi yake ya kujiokoa.

Na hospitali nazo zina la kujirekebisha. Mahali pamoja mizani iliishia kilo 120. Niliambiwa niende stoo nikapimwe kwenye mizani ya mizigo, mbele ya wabeba mizigo. Nilikwenda, kwa sababu nilitaka kujua. Wengi hawangekwenda, wala nisingewalaumu, wangerudi nyumbani na wasionekane tena mpaka waletwe wamebebwa. Mahali pengine walinifunga mkanda wa presha wa kawaida. Mkono wangu ni mnene, mkanda haukuzunguka vizuri, presha ikasoma 168 kwa 104 na nikaanza kuandikiwa dawa nzito. Muuguzi mzee mmoja, Mungu ampe umri, akasema subirini, akaleta mkanda mpana. Ikasoma 146 kwa 90. Bado iko juu, ila si ile. Mkanda mdogo kwenye mkono mkubwa huongeza namba. Mwenye mkono kama wangu ana haki ya kuuliza, "Mna mkanda mkubwa?" Uliza kwa heshima, lakini uliza.

Jingine la kuuliza: sukari yangu ilikuwa mpakani na nikaanzishiwa metformini. Dawa nzuri, inanisaidia. Ila ikitumika kwa miaka, huweza kushusha vitamini B12, na dalili zake, ganzi miguuni na uchovu, hufanana na zile za kisukari chenyewe. Daktari akikumbushwa ataagiza kipimo.

Kuna jambo la shughuli pia, na hili ni la wanawake zaidi. Mwenye mwili mkubwa hali mbele za watu. Kwenye harusi nilikuwa nachukua pilau vijiko viwili, nasema nimeshiba, kwa sababu najua macho yaliko. Kisha narudi nyumbani usiku na njaa ya kutwa, nakuta mkate na chai. Aibu ilikuwa inanilisha vibaya kuliko sufuria yoyote. Siku hizi nakaa, naomba kachumbari nyingi, nakula nyama yangu, pilau kiasi, na tunda. Wanaoangalia wanaangalia. Dada mmoja alininong'oneza, "Wewe si uko kwenye daieti?" Nikamwambia, "Nakula chakula cha mchana, dada." Akacheka, akasogea karibu, akaanza kuniuliza habari za damu yake.

Sasa matokeo, maana najua ndiyo yanayosubiriwa. Miezi ya mwanzo mizani haikusogea karibu kabisa. Kama ningekuwa naangalia kilo tu ningekata tamaa. Lakini barafu niliiacha bila kujilazimisha, hamu yenyewe iliondoka. Nywele zilipungua kukatika. Nilianza kutembea alasiri, kwanza hadi kona, kisha hadi baharini Raskazone siku za Jumapili, kwa sababu kulikuwa na damu ya kunitembeza. Nilikuwa nimeambiwa miaka yote nifanye mazoezi, na hakuna aliyefikiri kwamba mtu mwenye damu ya 8.6 hana cha kufanyia mazoezi. Damu yangu ya mwisho ilikuwa 12.3. Uzito ni kilo 117. Kwa hesabu ile ya urefu bado niko juu ya 44, bado daraja la tatu, na atakayeniona njiani leo haoni tofauti kubwa. Ila kupunguza hata asilimia 5 hadi 10 ya uzito hushusha presha na sukari, na kwangu zimeshuka. Futi yangu ya kazini inaniambia kiuno kimetoka sentimita 131 hadi 121. Naamini futi kuliko mizani.

Mazungumzo yaliyopo mezani sasa ni ya tiba zaidi. Kwa uzito wa daraja langu chakula peke yake mara nyingi hakifikishi mtu mbali, na daktari alinieleza hivyo bila kunilaumu. Hospitali ya Mloganzila kule Dar es Salaam wanaweka puto tumboni, linakaa kwa kipindi kisha linatolewa. Upasuaji wa kupunguza tumbo ni hatua kubwa zaidi. Nilimpelekea habari hizo afisa lishe wangu nikidhani atasema sasa kazi yake imekwisha. Akachukua karatasi nyingine, akapiga mistari tena. Tumbo likishakuwa dogo, akasema, kila tonge lina kazi: protini inatangulia, mboga inafuata, wanga mwisho. Aliyefanyiwa upasuaji wa kupitisha chakula kando ya sehemu ya utumbo hutumia vitamini na madini maisha yake yote, chuma, B12, kalsiamu na vitamini D, na hupimwa damu mara kwa mara. Anayeingia chumba cha upasuaji akiwa tayari ana upungufu hutoka na hatari kubwa zaidi. Kwa hiyo kabla sijaamua lolote, anataka aone damu yangu ikae juu ya 12 bila vidonge, na apate majibu ya B12.

Baba watoto anaulizia gharama. Mimi nimeshapeleka damu ya B12, majibu bado. Yule binti wa lishe ameniagiza nikirudi nimletee orodha ya nilichokula jana yake, na amesisitiza niandike kipande cha samaki kilikuwa kipi.